Ikilinganishwa na Picha Iliyopita

3 Machi

Daktari,

Mke wangu alikufa Alhamisi, tarehe 6 Februari, saa nne na dakika kumi asubuhi, kwenye kitanda cha tatu kutoka dirishani. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Unayajua haya, ulikuja kuzika. Nayaandika kwa sababu ulikaa nyumbani kwangu siku tatu, ukaosha vyombo, ukapokea wageni, ukamsuka binti yangu nywele, ukaondoka, na katika siku hizo tatu hukuniangalia machoni hata mara moja. Nilikuwa nahesabu.

Usinipigie simu. Ukipiga utalia, nami nitakata, na tutakuwa tumepoteza wiki nyingine. Andika. Sina haraka ya kusikia sauti ya mtu.

Juzi nilikuwa natoa nguo zake kabatini. Nyuma ya mashuka nikakuta bahasha ya kahawia, ile ya hospitali. Ndani mna ripoti tano za kifua chake, mwaka kwa mwaka, kila Septemba. Kila mwaka niliibeba mimi bahasha hiyo kutoka hospitali hadi nyumbani, na kila mwaka tulitia karatasi moja humo tukaifunga. Juzi ndiyo mara ya kwanza zimetoka zote pamoja. Nilizipanga kitandani, upande wake, kwa kuwa ndiko kwenye nafasi.

Ya kwanza si yako. Ni ya yule daktari mzee aliyekutangulia, mwaka ule mke wangu alipoteleza ngazini akaumia mbavu, wakampiga picha ya CT, wakakiona kitu ambacho hawakukitafuta. Mzee ameandika: "Kinundu kidogo, pafu la kulia, juu. Kifuatiliwe kila mwaka." Kipimo hakuandika. Watu wale walipima kwa macho.

Tatu zinazofuata ni zako. Ya pili: milimita tano. "Hakuna badiliko la maana ikilinganishwa na picha iliyopita." Ya tatu: milimita sita. "Hakuna badiliko la maana ikilinganishwa na picha iliyopita." Ya nne: milimita nane. Sentensi ile ile, hata nukta imekaa pale pale. Ya tano, Septemba iliyopita, ni milimita kumi na saba, na mfupa wa nyonga umetajwa. Hiyo haina sentensi yako.

Mimi udaktari sikusoma. Nilianza hospitali hii miaka ishirini na nne iliyopita, nikiosha filamu kwenye chumba cha giza, vidole vikinuka dawa hata nikila. Ninachokijua cha mashine nimekijua kwa kuzifungua huku naogopa. Lakini hesabu naijua. Kitu cha mviringo kikitoka tano kikafika nane, hakijaongezeka kwa tatu. Ujazo wake umezidi mara nne. Mara nne, daktari. Na wewe umeandika hakuna badiliko.

Kila mwaka tukitoka kuchukua ripoti tulirudi kwa miguu, naye alikuwa akinichokoza njia nzima. "Umesikia lakini? Sijabadilika. Wenzangu wote wamezeeka, mimi nina karatasi ya daktari. Kilichobadilika ni hicho kitambi chako." Alikuwa akiwasimulia hata majirani.

Nataka unieleze, kwa maneno ya mtu anayejua kazi yake, mtu mwenye macho mawili na digrii mbili alionaje tano, akaona sita, akaona nane, akasema ni kitu kimoja.

Kaka yako,
Fundi

*

9 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako niliipokea Alhamisi. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaiweka mfukoni, nikaingia kazini nikasoma picha mia moja thelathini na nane. Nakutajia idadi kwa sababu najua wewe ni mtu wa idadi. Sikulia. Nilidhani ningelia, hata leso niliandaa.

Umeuliza kwa maneno ya kazi, nami nakujibu hivyo hivyo.

Chumba ninachosomea hakina dirisha. Kuna kiti, kuna skrini mbili. Ya kushoto ina picha ya leo, ya kulia ina picha iliyopita. Picha za hospitali yako hunifikia kwa mtandao, na picha ya zamani hunifikia moja tu, ile ya mwisho, pamoja na ripoti yake. Ndivyo mfumo wenu unavyoleta. Mimi huangalia kushoto, naangalia kulia, naandika.

Kuhusu kipimo. Mkono wangu huu huu ukipima kinundu kimoja mara mbili, asubuhi na jioni, unaweza kutofautiana na wenyewe kwa milimita moja na nusu, hata mbili. Mgonjwa akivuta pumzi kidogo zaidi, kipimo kinasogea. Kwa hiyo tano kando ya sita, katika kazi hii, ni kitu kimoja. Si kwamba sioni. Ndivyo tulivyofundishwa: usimtie mtu kisu kifuani kwa sababu ya milimita moja.

Sita kando ya nane, hapo nilisimama. Nataka uamini hivyo. Ilikuwa Septemba ya mwaka juzi. Nilijua ile ya kwanza kabisa lazima iwe mahali fulani, nikajaza fomu ya kuiomba. Fomu ikarudi ikisema haipo. Nikabaki na sita na nane, tofauti mbili, mpakani kabisa. Nikaandika nilichoandika.

Ningeweza kuandika kwamba picha ya kwanza haikupatikana na mgonjwa arudi baada ya miezi mitatu. Sikuandika. Nilikuwa na wengine sitini wananisubiri, na huyu alikuwa wifi yangu, na nilitaka sana awe mzima.

Sikuwahi kukuambia, lakini kila Septemba alikuwa ananipigia kabla ripoti haijakauka. "Wifi, niko hai?" Namwambia uko hai. "Vizuri, maana kuna mtu hapa nataka nimkaripie, nilikuwa nasubiri kibali chako." Halafu nasikia anakuita jina lako lote.

Msalimie binti. Mwambie shangazi yake anamkumbuka.

Mdogo wako

*

14 Machi

Daktari,

Nimeipata. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu.

Kuhusu mkono wako kutofautiana na wenyewe, nimekuelewa. Hata mita zangu za kupimia umeme zina uongo wake, nami najua kila moja ina uongo kiasi gani. Hapo sina neno.

Lakini kuna mstari mmoja umeupitisha haraka, kama mtu anayepita na kitu chini ya kanga. "Fomu ikarudi ikisema haipo." Fomu haisemi. Fomu inagongwa muhuri na mtu, na mtu anatia saini. Picha nayo haina miguu ya kutokea mlangoni. Mimi ndiye mkuu wa chumba cha mashine, na katika chumba changu hakuna picha iliyowahi kupotea tangu tuache filamu. Kwa hiyo mtu fulani alishika ombi la daktari kuhusu kifua cha mke wangu, hakutafuta, akagonga muhuri akaenda kunywa chai.

Nina wasaidizi watatu. Mmoja mwaka juzi alikuwa bado hajaajiriwa. Wa pili ni mama mwenye miwani, huyo hata sindano ikianguka ataiandikia taarifa. Amebaki yule anayefanya kazi huku redio ya mpira iko sikioni. Nilimwita jana ofisini.

Nikamwambia, "Septemba ya mwaka juzi ulirudisha fomu ya kifua bila kutafuta."

Akasema, "Bosi, mwaka juzi nimerudisha fomu ngapi? Nitajie hata namba."

"Unanihoji mimi?"

"Nauliza namba tu. Wewe ndiye umetufundisha tusiseme bila namba."

Nimemsimamisha kazi. Ana watoto wawili, najua. Na mimi nina mmoja, ambaye tangu Februari anakaa kwenye kiti cha mama yake wakati wa kula na hataki mtu amhamishe.

Niandikie jina lililo kwenye saini ile. Nataka kulipeleka kwa mganga mkuu likiwa limeandikwa na daktari.

Kaka yako,
Fundi

*

19 Machi

Kaka,

Mrudishe kazini huyo mtu. Si yeye.

Aliyetia saini simkumbuki. Fomu yenyewe sinayo tena, tulihama ofisi mwaka jana, makaratasi mengi yalitupwa. Ni miezi kumi na minane sasa. Hata ukilipata jina, utalifanyia nini? Aliyeandika ripoti ni mimi. Nipige mimi. Mgongo wangu uko wazi.

Nakuomba kitu kimoja tu, na sijawahi kukuomba kitu tangu uliponifikisha hapa nilipo. Usiendelee kuchimba. Wifi hatarudi kwa saini ya mtu.

Hapa skrini yangu ya kulia imeanza kufifia upande mmoja. Nimeandika taarifa mara mbili kwamba haifai kusomea mapafu, wamenijibu kwamba bajeti ya vifaa inapita mwezi wa saba. Nimeigeuzia kiti nikae kwa pembe. Nakuambia ili ujue naendelea na kazi. Nakula, nalala. Sijui kama ndiyo inavyotakiwa.

Mdogo wako

*

27 Machi

Mdogo wangu,

Umeandika kwamba humkumbuki aliyetia saini, na umeandika kwamba si yule wa redio. Mtu asiyemkumbuka mwizi hawezi kuapa kwamba jirani si mwizi. Nilipofika hapo nilijua unaficha. Nilidhani unamficha mpenzi wako wa zamani, yule wa idara ya takwimu. Hata nilianza kumkasirikia.

Jumatatu nilishuka masjala. Unamkumbuka yule mama tunayemwita Mama Mafaili? Bado yupo, bado hataki mtu aguse rafu zake.

"Fundi, umekuja kutengeneza au kuharibu?"

"Nataka fomu za maombi ya picha za zamani, Septemba ya mwaka juzi."

"Zipo. Mimi hakuna kisichokuwepo hapa. Ni ninyi wa kompyuta ndio kila siku vitu vyenu havipo."

Aliniletea boksi. Nakala za fomu zimefungwa kwa uzi, siku kwa siku. Nilikaa kwenye kigoda chake nikapekua. Yako niliitambua kwa mwandiko kabla sijasoma. Haina jina la mgonjwa, ina namba tu, kwa sababu ya siri za wagonjwa. Utaratibu huo nami niliupigia kura. 40417, namba ile ile iliyo kwenye ripoti zake. Sehemu ya sababu umeandika: "Kulinganisha. Tafadhali tafuta, ni muhimu." Neno muhimu umelipigia mstari mara mbili.

Chini yake muhuri: HAIPO KWENYE MFUMO. Chini ya muhuri, saini yangu.

Siku ile niligonga fomu kumi na moja. Ziko zote pale, zimefuatana, na saini inazidi kuwa mbovu kuelekea ya mwisho. Yako ni ya tisa. Sikumbuki chochote. Nimejaribu kukumbuka hata rangi ya shati nililovaa. Hakuna.

Sasa nikueleze ambacho hukijui, au pengine unakijua. Miaka sita iliyopita seva ilijaa, ilifika asilimia tisini na sita, picha zilikuwa zinachukua dakika saba kufunguka, na madaktari mlikuwa mnanipigia kelele. Kununua nyingine ilishindikana. Mimi nikatunga kanuni: kila mgonjwa abaki na picha moja tu ya nyuma, ile ya mwisho. Za kabla ya hapo zitolewe, na ripoti zake, zihamishiwe kwenye diski za pembeni. Nilikaa siku nne kuipanga. Ilifanya kazi tangu siku ya kwanza. Nilipewa cheti, kiko ukutani, kimetiwa fremu. Wewe mwenyewe ulinitumia ujumbe: "Kaka, sasa picha zinafunguka kabla sijakaa kitini."

Kwa hiyo muhuri haukusema uongo. Haikuwepo kwenye mfumo. Ilikuwa kwenye diski namba nne, ndani ya kabati la chuma, hatua mbili kutoka kiti changu. Kwenda kuitafuta ni kuunganisha diski na kusubiri, na mimi nilishaamua siku nyingi kwamba daktari akiwa na ya mwisho inamtosha. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliamua mwenyewe, kwa kuwa ilipunguza dakika saba zikawa sekunde tisa.

Na wewe saini hii unaijua. Umekua unaiona. Ripoti zako zote za shule, kuanzia darasa la tano baba alipofariki, ni mimi nilizitia saini kwenye mstari wa mzazi. Uliiona chini ya muhuri ule Septemba ya mwaka juzi, ukaiona tena kichwani siku ya mazishi, ukaosha vyombo.

Msaidizi nimemrudisha. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake wote wawili. Akasema, "Yaishe, bosi," kisha akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula. Sikuwa nimekula.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mama alikuwa akiusema msemo huo kila siku, na mimi nilidhani ni habari ya majirani.

Kaka yako

*

1 Aprili

Kaka yangu mpendwa,

Ndiyo. Niliijua siku ile ile.

Nikuambie ilivyokuwa, maana umeshafika. Fomu ilirudi mchana. Niliona saini nikafurahi. Nilifurahi, kaka. Nilijisemea, ni yeye mwenyewe ametafuta, basi hakuna haja ya kuuliza tena. Angekuwa fundi nisiyemjua ningeinua simu, ningegomba, ningemwambia nenda kaangalie tena kwenye diski za pembeni, maana najua kila hospitali ina kabati kama lako. Kwa mtu mwingine yeyote ningeuliza mara ya pili. Kwako sikuuliza, kwa sababu tangu nina miaka kumi na moja ukiniambia kitu hakipo, basi hakipo.

Mazishini sikuweza kukuangalia, kwa kuwa nilijua ukiniuliza nitakujibu.

Sasa nisikilize kama mtu aliyesoma mambo haya. Hata tungekuwa na picha ya kwanza, isingebadili kitu. Uvimbe wa namna ile una njia zake. Pengine ulishatuma mbegu kwenye mfupa kabla hata haujafika milimita tano. Tungemfungua kifua, tungemlaza wodini miezi, angeteseka mapema zaidi, na mwisho ungekuwa ule ule. Alipata miaka ya kucheka na wewe njiani. Ihesabu hiyo.

Usilipeleke jambo hili kokote. Umebakiza miaka mitano ustaafu. Hospitali haikulaumu, hakuna ndugu anayekulaumu, na mimi ripoti yangu nitaijibu mwenyewe siku wakiniuliza. Rudisha fomu kwenye boksi la Mama Mafaili, funga uzi. Binti anahitaji baba mwenye kazi na mwenye usingizi.

Likizo yangu inaanza tarehe 14. Nakuja. Nitakaa wiki mbili. Ukitaka tutazungumza, ukitaka tutanyamaza.

Nakupenda, kaka. Sikumbuki kama niliwahi kukuandikia hivyo.

Mdogo wako

*

6 Aprili

Daktari,

Barua yako nimeiweka kwenye bahasha ya kahawia pamoja na zile ripoti. Ni nzuri. Sikupata usingizi nayo.

Mficha uchi hazai. Jumatano nilikwenda kwa mganga mkuu nikiwa na fomu mkononi, kabla ya kikao cha asubuhi. Nilimweleza kanuni yangu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alinisikiliza, akauliza, "Fundi, hili nani mwingine analijua?" Nikamwambia sasa hivi, wewe. Akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Ameunda kamati ya watu watano. Inakaa Ijumaa, tarehe 11, saa nane mchana, nami nitakuwa mbele yao.

Sikusubiri kamati ili nianze kazi. Tangu nitunge kanuni ile, muhuri ule umegongwa mara mia mbili na kumi na mbili. Nimezihesabu, na yule wa redio amezihesabu upya, amepata idadi hiyo hiyo. Kati ya hizo, thelathini na nane ni za watu wanaofuatiliwa kinundu mwaka kwa mwaka kama alivyofuatiliwa yeye. Diski ziko tisa. Kila moja inachukua saa kumi na moja kurudisha. Tumerudisha sita. Daktari wa hapa amekaa nazo tangu Alhamisi, kushoto ya leo, kulia ya kwanza, na hadi jana jioni alikuwa ameita watu saba. Mmoja ni yule mwalimu wa hisabati aliyekufundisha kidato cha pili. Alikuja na kofia mkononi, akaniuliza kama kompyuta imeharibika. Nikamwambia hapana, imetengenezwa.

Diski namba nne niliirudisha ya kwanza. Yake ilikuwemo. Ilifunguka bila shida, haina kasoro hata moja.

Nimekipima mwenyewe kile kinundu kwa rula ya skrini. Nilipima, nikatoka nje, nikarudi nikapima, halafu nikamwita yule mama mwenye miwani akapima bila kumwambia mimi nimepata ngapi. Nne. Nne. Nne na nukta moja. Kwa hiyo kutoka ile ya kwanza hadi ile iliyokusimamisha Septemba ya mwaka juzi ni nne kwenda nane. Ujazo mara nane kwa miaka mitatu. Kila mwaka kilikuwa kinajizidisha maradufu, bila kuruka hata mwaka mmoja, kama kinafuata ratiba. Mkono unaotofautiana na wenyewe kwa milimita mbili hauwezi kukosa nne.

Na Septemba ya mwaka juzi picha nyingine alizopigwa, za nyonga na za ini, zilikuwa safi. Nimeziangalia. Ripoti zake umeandika wewe.

Kwenye bahasha ya barua hii kuna santuri ya kompyuta. Ina picha mbili tu, ile ya kwanza na ile ya nne, kimo kile kile cha kifua, pumzi ile ile kadiri nilivyoweza kuzilinganisha. Ziweke kwenye skrini nzima, si ile iliyofifia. Kaa kitini kama unavyokaa kwa mgonjwa usiyemjua. Kumbuka ana namba tu.

Umeniandikia kwamba isingebadili kitu. Umeandika "pengine" humo humo, na wewe si mtu wa pengine. Ile ni barua ya mdogo wangu, imeandikwa ili nilale. Ijumaa mwenyekiti atauliza kama kuna mgonjwa aliyeumizwa na kanuni yangu, na karatasi ya majibu ina kisanduku cha ndiyo na kisanduku cha hapana. Sitaki kujaza kisanduku kwa huruma. Nikijaza hapana na si kweli, watairudisha kanuni ile mwezi wa saba seva ikijaa, maana itaonekana haikumdhuru mtu. Nikijaza ndiyo, ni mimi niliyemuua mke wangu kwa sekunde tisa, na hilo nitakuwa nalo, lakini litakuwa limeandikwa mahali ambapo fundi atakayekuja baada yangu atalisoma.

Likizo yako njoo, kitanda kipo, binti anakuuliza kila siku. Hilo ni jambo jingine, halihusiani na hili. Usingoje kuja ndipo unijibu kwa mdomo.

Swali ni hili. Septemba ya mwaka juzi, ungeletewa picha ya kwanza uliyoiomba, ukaiweka kando ya ile ya milimita nane, ungemwita mgonjwa 40417 afunguliwe kifua wakati angali anaweza kupona? Sitaki maelezo, sitaki asilimia. Gari la maabara linaondoka kwenu Ijumaa saa mbili asubuhi na linafika hapa saa tano, mpe dereva. Andika ndiyo au andika hapana, tia saini yako chini, na iwe mikononi mwangu kabla ya saa sita mchana.

Fundi